Neno "Kubali" Limeandikwa na Nani?



Katika makala zilizopita tumezungumza juu ya katiba, kodi, baraza la kijiji na haki za mtu aliyekamatwa. Huenda utashangaa leo nikikualika tuzungumze juu ya programu za simu na mafundi wanaozitengeneza. Utaniuliza: hayo nayo ni mambo ya uraia? Kabla sijakujibu, nakuomba uhesabu ni mara ngapi tangu asubuhi umeligusa neno "Kubali", "Ruhusu" au "Endelea" kwenye kioo cha simu yako. Kila mguso wa namna hiyo ni sahihi. Babu zetu walitia dole gumba mbele ya chifu na mashahidi, baada ya kusomewa hati. Sisi twatia dole gumba peke yetu, usiku, bila kusomewa na mtu. Kwa hiyo, swali la nani aliyeandika neno lile, kwa lugha gani, na akimkusudia nani, ni la uraia sawasawa na swali la nani aliyeandika sheria.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari huku mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Busia. Si fundi wa kompyuta. Nimeingia katika jamii ya mafundi hawa kwa mlango wa lugha, na yale niliyoyaona mlangoni ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Kazi yenyewe na watu wake

Mwezi Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu, likiwa na programu zipatazo 500. Oktoba mwaka huohuo simu ya kwanza yenye mfumo wa Android iliingia sokoni. Tangu hapo likawezekana jambo ambalo zamani halikuwezekana: mtu asiye na kiwanda, wala ghala, wala gari la mizigo, kutengeneza kitu chumbani kwake na kukifikisha mikononi mwa watu wa nchi nyingi. Vifaa vya kuandikia programu za Android hupatikana bila malipo. Akaunti ya kuweka kazi yako katika duka la Google hulipiwa dola 25 mara moja tu, ilhali ile ya Apple hulipiwa dola 99 kila mwaka. Ukijumlisha na ukweli kwamba simu za Android ndizo zilizojaa sokoni kwetu, utaelewa kwa nini kijana wa Mbale au Kisumu akitaka kuanza ufundi huu, huanzia hapo.

Jambo la pili ninalotaka ulijue ni kwamba fundi huyu hajengi peke yake. Ukimtazama amejiinamia juu ya kompyuta yake, utadhani ni mpweke kama mtawa. Kwa kweli ameketi katikati ya umati. Sehemu kubwa ya programu yake imeundwa kwa vipande vilivyoandikwa na watu wengine na kutolewa bure ili kila mwenye haja avitumie: kipande cha kuonyesha picha, kipande cha kuhifadhi orodha, kipande cha kusoma tarehe. Akikwama, huuliza, na mtu asiyemfahamu, aliye India au Brazili, humjibu. Kesho naye atamjibu mwingine. Miji yetu pia imekuwa na mabaraza ya mafundi hao: Nairobi ilipata iHub mwaka 2010, na Kampala ikapata Hive Colab mwaka huohuo. Humo vijana walikuta meza, umeme, intaneti na, zaidi ya vyote, wenzao.

Waganda wana desturi iitwayo bulungi bwansi, yaani wema wa nchi. Siku ya bulungi bwansi wanakijiji hutoka na majembe na mapanga, wakasafisha kisima na kufyeka njia, wala hapana anayelipwa. Nilipoelezwa jinsi mafundi wa programu wanavyoachiana kazi zao bure, nilikumbuka desturi hiyo. Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Katika bulungi bwansi, anayesafisha kisima ndiye atakayekunywa maji yake. Katika programu za simu, mchimba kisima na mnywaji mara nyingi hawajawahi kuonana, na pengine hata hawasikilizani lugha.

Jirani zetu walipojenga kisima chao

Pale wachimbaji na wanywaji walipokuwa watu wamoja, matokeo yalionekana. Nakukumbusha habari ya Kenya, ingawa najua wengi wenu mliisikia.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatwa na machafuko yaliyowaua watu zaidi ya 1,000 na kuwaacha mamia ya maelfu bila makazi. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalipopigwa marufuku, watu hawakujua kinachotokea hata katika mtaa wa pili. Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria na mwandishi Ory Okolloh alitoa wito: je, hakuna fundi awezaye kutengeneza ramani ambayo raia wataweka juu yake yale wanayoyaona? Walijitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine, baadhi yao wakiwa nje ya nchi. Katika muda wa siku chache chombo kilikuwa kinafanya kazi. Aliyeona nyumba ikichomwa, au aliyeona majirani wakilindana, aliweza kutuma habari kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, nayo ikaonekana kwenye ramani.

Waliiita Ushahidi. Tazama jina hilo, msomaji. Hawakukopa neno la mbali. Walichukua neno ambalo mtu yeyote wa Kisumu, Kampala au Kigoma akilisikia anajua anatakiwa afanye nini: aseme alichokiona. Jina lenyewe lilikuwa maelezo ya matumizi. Baadaye msimbo wake ulitolewa huria, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, chombo kilichozaliwa katika msiba wa Wakenya kikatumika kuwatafuta Wahaiti waliohitaji msaada.

Hapa kwetu nako, mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza WinSenga, programu ya simu ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Ssenga kwa Kiganda ni shangazi, yule anayemfunda msichana mambo ya unyumba na uzazi. Waliona kwamba mama mjamzito hatakiogopa chombo chenye jina la shangazi. Ninayataja haya mawili ili tuone kwamba lugha haikuja mwishoni kama rangi juu ya mlango. Ilikuwa miongoni mwa mbao za mlango wenyewe.

Deni limefutwa

Sasa nikusimulie niliyoyashuhudia mwenyewe. Vijana watatu, wawili kati yao niliwafundisha, walikuwa wanatengeneza programu kwa ajili ya vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Ikiwa hujawahi kuviona vikundi hivi, ujue kwamba kila kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Kila mwanachama ana kijitabu ambamo hisa zake hugongwa mihuri. Vijana walitaka hesabu za vijitabu hivyo ziingizwe katika simu ya katibu, ili kijitabu kikiloa mvua au kikiliwa na panya, akiba ya mtu isipotee.

Programu ilikwisha andikwa kwa Kiingereza. Wakaniletea maneno yake niyatafsiri. Kumbe katika Android, maneno yote yatakayoonekana kwenye kioo huwekwa katika faili la peke yake, mbali na msimbo. Fundi akitaka programu iseme Kiswahili, huongeza folda nyingine yenye herufi mbili, sw, na ndani yake huweka orodha ileile ikiwa imetafsiriwa. Simu iliyowekwa Kiswahili huifuata folda hiyo yenyewe. Niliupenda utaratibu huo. Ni kama nyumba ambayo mafundi wameacha chumba kitupu, wakakwambia: pamba utakavyo.

Lakini chumba kile kilikuwa kimejengwa kwa kipimo cha Kiingereza. Katika orodha nilikuta neno moja tu la kuonyesha kwamba kitu kimefutwa, na programu ilikuwa inalibandika baada ya jina lolote. Kiingereza huweza kufanya hivyo kwa sababu kitenzi chake hakijali kinachozungumziwa. Nikamwambia kiongozi wao, "Nipe kila sentensi nzima. Usinipe kipande."

"Mwalimu," akanijibu, "mbona ni neno moja tu? Tukiandika 'imefutwa' si watu wataelewa?"

Nikamwandikia ubaoni: picha imefutwa, jina limefutwa, kikao kimefutwa, ujumbe umefutwa, malipo yamefutwa. Kisha nikamwuliza mwanachama anafutwaje. Akacheka, akasema mwanachama hafutwi, huondolewa. Ndipo akaiona hoja. Ngeli za Kiswahili si pambo la mtihani wa kidato cha pili. Ni njia ya lugha ya kumwambia msikilizaji kitu gani hasa kimetendwa. Mkivunja upatanisho, mama wa kikundi hatasema kwamba sarufi ina kasoro. Atasema kwamba programu hii imetengenezwa na watu wasiomjua, na moyo wake utajifunga.

Wakakubali kuziandika sentensi upya, moja moja. Kazi ambayo walidhani ni ya jioni moja ikachukua wiki tatu.

Kisha ukaja wakati wa majaribio. Duka la Google lina sharti kwamba mtu binafsi mwenye akaunti mpya aijaribu kwanza programu yake kwa watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo, kabla haijaruhusiwa kutolewa kwa umma. Mafundi wengi hulilalamikia sharti hilo, na wengine hubadilishana majina mitandaoni ili idadi itimie. Vijana wetu walikuwa karibu kufanya hivyo. Niliwashauri wawatafute watumiaji wenyewe, na tukapata akina mama kumi na wawili wenye simu janja kutoka vikundi viwili.

Siku ya nne tukaitwa. Katibu wa kikundi alikuwa ameingiza mkopo wa shilingi 150,000 kwa jina lisilo lake, akagundua kosa, akaiondoa rekodi ile. Simu ikatangaza kwa herufi za kijani: "Deni limefutwa." Mwanamke ambaye jina lake lilikuwapo kwenye kioo, naye alikuwa na mkopo mwingine wa kweli, akapiga vigelegele. Mwenyekiti akajaribu kumweleza. Yule mama akasema kwa utulivu kabisa, "Mama Mwenyekiti, mimi ni nani hata nibishane na simu? Imesema limefutwa."

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, naye mwenyewe akacheka. Lakini Mwenyekiti hakucheka sana. Alisema, "Leo tunacheka kwa sababu sote tupo hapa. Siku mtu akiwa na shida ya kweli, neno hili litatuvunjia kikundi." Alisema kweli tupu. Katika Kiswahili, kufuta deni si kuondoa mstari katika daftari. Ni kusamehe. Tafsiri ilikuwa sahihi kwa kamusi, na sarufi yake haikuwa na dosari, lakini katika kikundi cha akiba lilikuwa tamko la kisheria. Sentensi ikabadilishwa: "Rekodi hii imeondolewa. Mkopo mwingine wowote wa mwanachama haujaguswa." Ni ndefu, na vijana walilalamika kwamba inabana nafasi kwenye kioo. Mama Mwenyekiti akawaambia wapanue kioo. Wakapunguza ukubwa wa picha ya juu, nafasi ikapatikana.

Simu inapoamrisha kama askari

Somo la pili lilitoka kwa bibi mmoja aliyekaa kimya karibu siku zote. Aliulizwa anaionaje programu, akasema inafaa, ila inafoka. Hatukumwelewa. Akaishika simu akasoma kwa sauti vitufe vilivyokuwa pale: "Ingiza! Hifadhi! Futa! Kubali!" Kisha akauliza, "Hii ni simu au ni kizuizi cha barabarani?"

Msomaji wa Tanzania au wa pwani ya Kenya labda hatalihisi jambo hili mara moja, kwa hiyo naomba nilieleze. Kiswahili nchini Uganda kina historia nzito. Kwa miaka mingi raia wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari, nacho kilikuja katika umbo la amri: simama, toa, lala chini. Ingawa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na ingawa leo ninawafundisha watoto wanaokipenda na kutunga mashairi kwacho, masikio ya wazee yana kumbukumbu yao. Kwa bibi yule, kitenzi kilichovuliwa nguo zote, bila kiambishi cha heshima, bila "tafadhali", kilikuwa na buti miguuni.

Tulilizungumza jambo hilo kwa mchana mzima, mimi na vijana, na hatimaye tukapata njia ambayo nadhani yawafaa mafundi wote wanaoandika kwa Kiswahili. Kitufe kisimwamrishe mtumiaji. Kitufe kiwe sauti ya mtumiaji mwenyewe. Badala ya "Kubali" tukaandika "Nakubali", na kando yake, kwa ukubwa uleule na rangi yenye nguvu ileile, "Sikubali". Badala ya "Endelea" tukaandika "Nimeelewa, tuendelee". Mabadiliko ni madogo tu, lakini yanamhamisha mtu kutoka mahali pa kuamrishwa hadi mahali pa kusema. Asemaye "nakubali" analazimika, japo kwa nukta moja, kujiuliza kama kweli anakubali. Wala huwezi kumwandikia mtu "nakubali" pasipo kufikiri kwamba angeweza pia kusema "sikubali". Huo ndio uraia, ndugu msomaji. Mtawaliwa hupewa amri, raia huombwa ridhaa.

Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa

Mtu anaweza kusema kwamba ninakuza jambo dogo. Basi nimsimulie lililompata jirani yangu, muuza mitumba, mama wa watoto wanne. Siwataji wahusika, kwa maana nia yangu si kumshtaki mtu bali kufundisha.

Mwanawe alipofukuzwa shuleni kwa karo, alipakua programu moja ya mikopo ya haraka. Ilimuuliza maswali kadhaa kwa Kiingereza, naye akabonyeza kila kilichong'aa. Fedha zikaingia kwa dakika chache. Alichelewa kulipa kwa siku sita. Siku ya saba mama mkwe wake, aliye kijijini na asiyejua lolote, alipokea ujumbe kwamba mke wa mwanawe ni mdanganyifu anayekimbia madeni. Ujumbe huohuo ulimfikia mchungaji wake, wateja wake, na fundi baiskeli aliyemhifadhi namba yake miaka mingi iliyopita. Aliponijia alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, deni nitalilipa. Lakini mama mkwe nitamwambia nini?"

Programu ile ilikuwa imemwomba ruhusa ya kusoma orodha ya watu wote aliowahifadhi. Alipobonyeza, alitoa. Hata kama angeiweka simu yake katika Kiswahili, neno ambalo angelikuta katika simu nyingi ni "anwani", na kwa mtu wa huku anwani ni sanduku la posta au mahali anapokaa. Angedhani anaulizwa anaishi wapi. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, lakini sheria za siku hizi zinasema kinyume: asiyejua maana lazima aambiwe maana, ama sivyo ridhaa yake ni batili. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaitambua ridhaa kuwa ile iliyotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, na mtu aliyekwisha elezwa. Kenya nayo ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa data mwaka huohuo, na kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na zikawazuia kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Mwaka 2023 Google yenyewe ilizikataza programu za mikopo binafsi katika duka lake kuomba kusoma orodha ya watu na picha za mkopaji.

Zingatia mfuatano huo. Sheria na makatazo hayo yalikuja baada ya watu wengi kuaibishwa, wakalalamika, wakaandikwa magazetini, wakasikika. Hapana fundi aliyeamka asubuhi akaamua kuwaonea huruma. Walalamikaji ndio walioutengeneza ukuta ambao leo unawakinga wengine, na wengi wao hawakujua hata mstari mmoja wa msimbo.

Tufanye nini?

Sitaki uondoke hapa ukiwachukia mafundi. Wengi ninaowafahamu ni vijana wanaojifunza wenyewe, wanaofanya kazi usiku kwa sababu vifurushi vya usiku ni nafuu, wanaokopa kompyuta kwa zamu. Hawana ubaya. Wana haraka, na masomo waliyoyasoma wameyasoma kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu wanayemwona akilini wanapoandika ni mtu anayesoma Kiingereza. Hatutamwondoa mtu huyo akilini mwao kwa kuwalaumu. Tutamwondoa kwa kuketi karibu nao.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu wa Kiswahili: kazi ipo, na inatungoja. Zipo programu nyingi za msimbo huria ambazo hutafsiriwa na watu wa kujitolea. F-Droid, duka la programu huria za Android lililoanza mwaka 2010, ni mfano mmoja. Mlango wa kutafsiri uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, wala hauhitaji ujuzi wa msimbo. Unaweza kuwapa wanafunzi wako wa kidato cha tatu sentensi kumi za programu halisi, wazitafsiri, kisha waende kuwasomea bibi zao na kurudi na majibu. Hapo watajifunza upatanisho wa kisarufi, utafiti na uraia kwa pamoja, na kazi yao itamfikia mtu aliye hai badala ya kuishia katika daftari la kusahihishwa.

Mafundi nao nina ombi kwao. Mwiteni mwenye lugha kabla ya kujenga, msimwite baada ya kupaka rangi. Andikeni sentensi nzima, msiunge vipande. Na ikiwa hamna muda wala fedha za kutafsiri programu yote, basi tafsirini kwanza ukurasa wa ridhaa. Mtu anaweza kuhangaika na kitufe cha kubadilisha rangi kwa Kiingereza, asipoteze kitu. Hawezi kutoa majina ya ndugu zake wote kwa Kiingereza asichokielewa, asipoteze kitu.

Nawe raia, mwenye simu, usijione mnywaji tu. Programu ikikuomba ruhusa, jiulize inaihitaji kwa kazi gani. Tochi haina haja ya kujua wewe uko wapi, wala kikokotoo hakina haja ya kusoma majina ya shemeji zako. Ingia katika mipangilio ya simu yako, tazama ni programu zipi zimeshika ruhusa zipi, na uzinyang'anye zisizostahili. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, ruhusa nyingi nyeti huombwa moja moja wakati programu inapozihitaji, na unaweza kuziondoa wakati wowote utakao. Ukiona neno lisiloeleweka au linalodhalilisha, mwandikie mtengenezaji. Katika duka pana nafasi ya maoni, na mafundi huyasoma maoni hayo kuliko unavyodhani, kwa sababu nyota ndiyo chakula chao.

Programu ya akina mama wa akiba imekamilisha siku zake kumi na nne, na siku kumi nyingine za nyongeza walizozidai wenyewe. Wiki iliyopita Mama Mwenyekiti aliwauliza vijana swali jipya: kwa kuwa sanduku lina kufuli tatu, kwa nini simu ina nenosiri moja, tena analijua katibu peke yake? Vijana walitazamana. Sasa wanaandika upya sehemu hiyo, ili badiliko lolote la mkopo lithibitishwe na watu watatu, kila mmoja kwa simu yake, na kila mmoja atabonyeza "Nakubali" au "Sikubali". Sentensi itakayotangulia vitufe hivyo bado tunaibishania. Ikiwa una pendekezo, msomaji, niandikie hapa chini.